Jumamosi Wanataka Kumtibu Taimi Saunani

Mpendwa mshauri Hellevi, msaada ninaouomba ni wa haraka, na unisamehe mwandiko, shule niliishia ile ya lazima na hata hiyo niliimaliza kwa kuburutwa, tangu hapo sijaandika barua ndefu kuliko ya kumwambia mwalimu kwamba mtoto ana mafua. Majina yote nimeyabadilisha. Wenyewe wakisoma watajijua, hilo siwezi kulizuia, kwa sababu mama mkwe wangu hulisoma gazeti hili kuanzia matangazo ya vifo hadi bei ya viazi, na ukurasa wako hauruki kamwe.

Binti yangu nitamwita Taimi. Ana miaka saba, ameanza darasa la kwanza mwaka huu, ni mtoto mpole anayependa farasi na kuwachora kila mahali, hata kwenye ukungu wa dirisha, na mtoto huyu hapati choo. Sisemi anachelewa siku moja mbili kama watoto wengine, nasema ni shida inayokaa nasi mezani wakati wa kula na kulala nasi kitandani. Ilianza akiwa mdogo, tulikuwa kwa mama mkwe wakati wa baridi kali, na kule choo ni cha nje, kibanda chenye tundu na giza chini yake, akaogopa, akajizuia mpaka tuliporudi kwetu, na alipokwenda kilitoka kigumu kikamchana, akalia kilio ambacho bado nakisikia nikiwa kantini kiwandani namenya viazi, na tangu siku ile Taimi na choo ni maadui. Namkuta nyuma ya banda la kuni amesimama kwa ncha za vidole, miguu ameikaza, ameshika ukuta, uso mwekundu, namwambia sukuma mwanangu, sukuma, na yeye ananiambia nasukuma mama, halafu hakuna kitu.

Nesi wa kituo cha afya alitupa dawa ya unga ya kuchanganya kwenye juisi, na nikisema kweli ilimsaidia, si kwa kishindo, ila ilimsaidia. Lakini nesi alisema atainywa miezi mingi, labda na zaidi, na mimi nikaanza kuona mtoto wangu atazeekea kwenye dawa.

Sasa nikueleze kuhusu wifi yangu, nitamwita Mirka, dada ya mume wangu. Ana maneno na ana simu, na vyote viwili havizimwi. Siku moja tuko kwa mama mkwe tunakunywa kahawa, akaniona nakoroga ule unga, akaniambia, "Wifi, hivi unajua unachomfanyia huyo mtoto?"

Nikasema, "Nampa dawa."

"Unamfyeka. Huo unga unasomba kila kitu. Tumboni mna bakteria wazuri, ndio wanaofanya kazi yote, wewe kila siku unawasukuma nje na maji. Kisha unashangaa tumbo limelala!"

"Nesi amesema..."

"Nesi! Nesi anasema alichoambiwa aseme."

Mama mkwe, nitamwita Saimi, akaweka kikombe chini. "Sisi tulikula mkate mweusi na maziwa ya mgando, tukaenda chooni kwenye baridi ya kukata masikio, tukarudi tunaimba. Sikumbuki mtu aliyekunywa unga."

Hapo akainuka akaenda kwenye kabati la baridi akarudi na bakuli, na mshauri, ni lazima uelewe bakuli hilo ni nini. Ukoo wa mume wangu wana mgando wao wenyewe, ule mzito unaovutika ukinyanyua kijiko, na mbegu yake ni ileile tangu zamani, kila ukimaliza bakuli unabakiza kijiko kimoja cha kuanzishia jingine. Bibi yake Saimi aliipaka mbegu hiyo kwenye kitambaa cha kitani, ikakauka, akaja nayo kifuani walipohamishwa wakati wa vita, nyumba waliiacha, ng'ombe wakawaacha, mbegu ikaja. Katika ukoo ule mke aliyeolewa akipewa mbegu ndiyo amepokelewa. Mimi nimekaa na mwanawe miaka yote hii, nimemzalia, nimemfulia mapazia, sijawahi kupewa. Siku ile akanichotea kijiko kwenye kikombe akakifunika kwa karatasi akaniambia, "Chukua, mwanangu. Hawa ndio bakteria wetu. Mpe mtoto asubuhi, mchana na jioni, na huo unga uuache, wasije wakagombana tumboni."

Mwanangu, aliniita. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, na unga nikauacha, na nesi alipopiga simu kuuliza tunaendeleaje nikamwambia naendelea nao vizuri. Nilimdanganya, mshauri. Nilidanganya kwa sauti tamu kabisa, na bakuli la mgando liko mbele yangu.

Wiki zikapita, Taimi akala mgando mpaka akawa anafumba macho kuumeza, halafu siku moja tumbo likafunguka. Ndivyo tulivyodhani. Chupi ilikuwa imechafuka, choo chembamba cha majimaji, kesho yake tena, kesho kutwa tena, na tulivyofurahi huwezi kuamini. Mama mkwe alioka mikate ya iliki sinia zima, Mirka akazunguka jikoni anasema, "Nilisema mimi! Nani daktari hapa? Nani?" na hata mume wangu, nitamwita Jarno, anaendesha lori la magogo na maneno yake ya siku nzima hayajai kijiko, akasema, "Vizuri." Taimi alikaa katikati yetu anakula mkate wa iliki anatutazama mmoja mmoja, kana kwamba anajiuliza amefanya nini cha maana hivyo.

Lakini haikukoma. Kila siku chupi, kila siku suruali, wakati mwingine hadi ile ovaroli nene ya theluji, na theluji ikishaingia msimu wake mtoto hawezi kuivua peke yake haraka. Shuleni wanaziba pua. Mwalimu alinisimulia kwamba mtoto mmoja alimwuliza Taimi kama amekanyaga kitu, na Taimi akasema ndiyo, akavua kiatu, akakigeuza akajifanya anakikagua chini, huku darasa zima linamtazama. Mwalimu aliponiambia hivyo nilikwenda chooni kantini nikafungulia bomba la maji ili wasinisikie.

Na nyumbani nikamgombeza badala ya kumkumbatia. Nikamwambia, mtoto mkubwa wa darasa la kwanza, huoni aibu? Akasema, "Mama, sikisikii kikitoka." Nikasema haiwezekani mtu asisikie. Sasa anazificha, nilizikuta chupi kwenye mfuko wa viatu vyake vya kutelezea barafu, zimekunjwa vizuri, kama nilivyomfundisha kukunja. Chakula anakichokoa tu. Usiku analia tumbo, nikimpapasa chini ya kitovu nakuta pagumu kama ubao wa kukandia unga, nikamwambia Mirka, akasema hiyo ni gesi ya bakteria wabaya wanakufa.

Nilimpigia daktari wa simu, kwa sababu miadi ya hospitali ya mkoa ni baada ya mwaka mpya. Mirka ndiye aliyenituma nimwulize kuhusu ile tiba inayozungumzwa redioni, wanachukua kinyesi cha mtu mzima wa afya, wanakitia tumboni kwa mgonjwa, na bakteria wazuri wanahamia. Daktari alisema maneno mengi, utafiti, ushahidi, sijui nini, nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kama ninavyofanya siku zote nikiongea na waliosoma, na alipokata simu nilichobaki nacho mkononi ni "hapana, hatufanyi." Kuhusu ubao ule wa tumboni hakuniuliza, na mimi sikumwambia, maana ningemwambia angeuliza kuhusu ule unga niliouacha.

Mirka aliposikia akapiga meza. "Hawafanyi kwa sababu haiwaingizii chochote. Tutafanya wenyewe. Hertta wangu ni saa ya ukutani. Uji, maziwa, chooni, kwisha."

Hertta ni binti yake, rika moja na Taimi, ana mashavu mekundu, anakula mpaka samaki wa kuvundika. Mpango wao ndio huu. Jumamosi hii, saa ya kuoga mvuke saunani, cha Hertta cha asubuhi kitasagwa kwenye blenda na maji ya chumvi, kitachujwa kwa karatasi ya kahawa, na mama mkwe atamwingizia Taimi kwa nyuma, kwa lile bomba la mpira la kupigia tumbo ambalo amelitunza tangu ujana wake. Saunani, kwa sababu mama mkwe anasema hakuna mahali pasafi zaidi nyumbani, yeye mwenyewe alizaliwa saunani, bibi yake alioshwa humo alipokufa, na watoto walipigwa bomba humohumo kwenye benchi la chini, joto linalegeza misuli.

"Lakini si kwa blenda yangu ya supu," mama mkwe akasema.

"Mama, nitaleta yangu."

"Na ukiondoka uondoke nayo. Na nikialikwa supu kwako, siji."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mshauri, kwa sababu ilichekesha na kwa sababu nilikuwa nimechoka. Hertta na Taimi walikuwa sakafuni wanachora farasi, na Hertta akasema kwa sauti, "Mimi nitatoa kingi, bure!" tukacheka tena. Taimi hakucheka. Zamani Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake, yeye na Hertta kwenye benchi wanashindana nani atavumilia mvuke, sasa haingii. Anasema tumbo lake watu wataliona. Anakaa nje kwenye kibaraza na kofia ya sufu anasubiri tumalize.

Jioni ile namvua nguo akaniuliza, "Mama, cha Hertta kikikaa tumboni mwangu, nitakuwa Hertta?" Kisha akasema, "Halafu mtafurahi tena, kama siku ya mikate?"

Nimeshajaribu plamu zilizokaushwa, nimejaribu mbegu za kitani, nimejaribu vidonge vya bakteria vya duka la dawa vyenye picha ya dubu, nimemwinamisha, nimempandisha, nimemsugua tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Jarno nikamwuliza, wewe unaonaje kuhusu Jumamosi, akasema, "Mama anajua." Nikikataa watasema napenda mtoto aumwe, na nitarudishiwa nafasi yangu ya mwisho mezani, na kijiko cha mbegu nitakiona kwa mbali. Nikienda kituo cha afya nikasema kweli, wataandika kwamba mama ameacha dawa na kudanganya, na wale wa ustawi wa jamii watakuja na mabegi yao kutazama kabati langu. Moyo unaniambia kitu kile cha Jumamosi si kizuri, lakini moyo wangu ulinidanganya pia kuhusu unga, kwa hiyo hata moyo siuamini tena.

Mshauri, nimpeleke au nisimpeleke? Ukisema nimpeleke nitampeleka. Ukisema hapana, basi uniambie na cha kufanya, maana mimi kwangu vimekwisha vyote, nimebaki na beseni la kufulia na machozi yanadondokea humo.

Mama wa Kando ya Ziwa

*

Hellevi anajibu:

Hapana.

Naanza na neno hilo kwa sababu gazeti linatoka Alhamisi na sauna yenu inawashwa Jumamosi, na wewe hukuacha jina wala namba ya simu. Mama wa Kando ya Ziwa! Hapa kwetu nani hakai kando ya ziwa? Barua mbili zilizokuwa zitoke leo nimeziweka kando, nimempigia daktari wa watoto anayeshughulika na matumbo tu, kazi yake yote ndiyo hiyo, nikamsomea barua yako neno kwa neno. Aliponisikia nimefika kwenye lile sinia la mikate ya iliki akanikatiza: "Huyo mtoto hajafunguka. Huyo mtoto ameziba."

Sikiliza vizuri, dada yangu, maana hapa ndipo mlipopotea nyote. Choo kilichokaa muda mrefu kimekuwa donge, na donge limeziba njia. Kile cha majimaji kinachochafua chupi kinapenya pembeni mwa donge. Kuziba huko ndiko mlikosherehekea kwa mikate. Pale pagumu chini ya kitovu si gesi wala si bakteria wanaokufa, ndilo donge lenyewe. Utumbo ukishavutwa na donge namna hiyo unapoteza hisia, na mtoto kweli hasikii kinapotoka. Taimi alikuambia kweli. Katika nyumba nzima alikuwa ndiye peke yake anayesema kweli, ukamwuliza kama haoni aibu.

Na pale nyuma ya banda la kuni, anaposimama kwa vidole na kukaza miguu, hasukumi. Anazuia. Aliumia mara moja na mwili wake umeapa kutoumia tena, na kila akizuia kinakuwa kigumu zaidi, na kikitoka kinamwumiza zaidi. Anapokujibu "nasukuma mama," anakupa jibu unalolitaka. Usimwambie tena asukume.

Unga haukuwa unafyeka chochote. Kazi yake ni kushika maji ndani ya choo kibaki laini, basi. Hauui bakteria, wala haumfanyi mtoto kuwa mlevi wa dawa. Nesi alisema miezi mingi kwa sababu utumbo uliovutika unahitaji miezi mingi kurudi, na woga unahitaji mingi zaidi. Kosa la nesi ni kwamba hakukukalisha chini akakueleza hivyo, na la daktari wa simu ni kwamba alimsikia mtu anaitikia ndiyo, ndiyo, na hakujiuliza kama ameeleweka. Hayo nitayasema na nje ya ukurasa huu. Lakini wewe una mdomo. Mtu akisema neno usilolijua, mwambie, "Sijaelewa, rudia." Ni haki yako kama ilivyo ya mwenye shahada.

Sasa tiba ya kinyesi. Ipo, Mirka hakuiota. Hospitali huitumia hasa kwa ugonjwa mmoja mkaidi wa kuharisha unaorudi rudi baada ya dawa kali, na kwa watoto wenye shida ya Taimi bado wanaichunguza, hakuna anayejua kama inafaa, wala nani itamdhuru. Na mtoaji hupimwa damu na choo, vipimo vingi, na wengi wanaojiona wazima hukataliwa. Hertta mwenye mashavu mekundu anaweza kubeba mdudu ambaye kwake amelala na kwa Taimi akaamka. Tena ninyi mnataka kuingiza uchafu ule kwa nguvu, kwa bomba la mpira la zamani, kwenye utumbo ulioziba na kuvutika, kwenye joto, kwa mtoto asiyekula vizuri. Niliposoma hapo daktari alinikatiza tena. Akasema utumbo unaweza kutoboka. Akasema nikuandikie kwa neno hilohilo, nisilipambe.

Vidonge vya dubu havitamdhuru, ila wenye kuchunguza hawajaona vikiwasaidia watoto wa shida hii kwa namna ya kutegemewa. Mgando ni chakula kizuri. Ale akitaka, bakuli moja, bila kufumba macho.

Cha kufanya ni hiki. Leo hiihii, ukimaliza kusoma, piga simu kituo cha afya, useme maneno haya: "Mtoto wangu ana donge gumu tumboni, anavuja choo bila kusikia, hali chakula vizuri, na dawa niliiacha." Usiseme miadi iko mwaka mpya. Sema unataka aonwe leo au kesho. Akitapika, akipata homa, tumbo likivimba na kuuma bila kuachia, usipige simu kwa mtu yeyote wa ukoo, mpeleke hospitali saa hiyo. Watamzibua kwa dawa, kwa kipimo kikubwa wanachokijua wao, usikikisie nyumbani. Itakuwa siku chafu sana, chukua ruhusa kazini, na umwambie Taimi mapema kwamba uchafu huo ndio unaotakiwa. Baada ya hapo unga kila siku, na wa kuupunguza ni wao. Akimaliza kula akae chooni kidogo, miguu iwe juu ya kigoda isining'inie, na kitabu cha farasi mkononi, na asipotoa kitu asigombezwe. Mwalimu apewe nguo za akiba na ruhusa ya Taimi kutoka darasani bila kunyoosha mkono.

Unaogopa ustawi wa jamii. Siwezi kukuahidi nani ataandika nini. Ila nimekaa na barua za akina mama miaka mingi, na naweza kukuambia manesi husikia "niliiacha dawa" kila wiki, hawaanguki kwenye viti vyao. Kinachowatisha ni mama anayeendelea kudanganya huku mtoto amelala juu ya meza ya upasuaji.

Wala sitakudanganya kuhusu mengine. Hata ukifanya yote haya, kuna siku chupi zitachafuka tena, na mwaka mmoja unaweza kupita, na mwingine, mkawa bado mnahangaika. Wako watoto wanaobaki na shida hii mpaka wakubwa. Huna njia ya mkato, na anayekuambia anayo, hata awe na simu kubwa namna gani, muulize yeye amekesha na mtoto huyo mara ngapi.

Bibi Saimi, najua unasoma, baada ya vifo na kabla ya viazi. Umewatunzia watu wako mbegu iliyovuka vita, sina la kukufundisha kuhusu uvumilivu. Lakini bomba lile litupe. Na mke wa mwanao umeshamwita mwanangu. Neno hilo halirudishwi kabatini. Mirka, blenda yako iache kwako. Na wewe Jarno, mama yako hajui. Egesha lori, uende na mkeo kituo cha afya, na huko useme zaidi ya kijiko.

Nimebakiza jambo moja, Mama wa Kando ya Ziwa, na sijui kama utalisoma kabla ya Jumamosi au baada yake, au kama gazeti litakuwa limetumika kuwashia jiko la sauna. Mtoto alikuuliza swali. Umeliandika, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye plamu. Hukutuambia ulimjibu nini, na mimi nadhani hukumjibu.

Basi akishaonwa na daktari, wakisema anaweza, Jumamosi uingie saunani na Taimi peke yenu, wengine wasubiri kwenye kibaraza. Mvuke kidogo tu. Mkae benchi la chini, tumbo lake liwe lilivyo, umwoshe mgongo. Akikuuliza tena kama atakuwa Hertta ili mfurahi, mpe neno lilelile nililokuanzia nalo. Kisha usiinuke, kaa naye pale mpaka aliamini neno hilo. Itachukua muda mrefu kuliko dawa.